Pau za Rangi za Kupimia Televisheni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina tatu: mafundi wa TV, vijana walioanza kazi katika vyumba vya matangazo, na watu walionunua TV mpya ambao hawaridhiki na rangi wanazoziona. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye lingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Pau za rangi ni nini?

Ni ile picha ya mistari mipana ya rangi iliyosimama wima, ambayo wengi tuliiona kituo kikishafunga matangazo usiku au alfajiri kabla hakijafungua, mara nyingi pamoja na mlio mmoja usiokatika. Kutoka kushoto kwenda kulia rangi zake ni nyeupe, njano, sayani, kijani, majenta, nyekundu na bluu. Aina nyingine humalizia na nyeusi. Sayani ni bluu yenye ukijani kama maji ya bahari penye mchanga mweupe, na majenta ni waridi iliyokolea sana.

Umuhimu wake ni kwamba thamani ya kila upau inajulikana kabla picha haijatoka inakotoka. Ukiona uso wa mtangazaji ni mwekundu mno, huwezi kujua kama kosa ni la TV, la kamera, la taa za studio au la poda aliyopakwa. Upau wa njano ukionekana wa kijani, hakuna cha kubishania: kuna kitu njiani kimeharibika.

2. Zilitoka wapi?

Marekani. Mwaka 1951 wahandisi wa kampuni ya RCA, Norbert Larky na David Holmes, walieleza mfumo wa pau za rangi wakati televisheni ya rangi yenyewe ilikuwa bado katika maabara. Katika miaka ya 1970 Al Goldberg wa maabara za CBS alizipanga kwa sura inayojulikana zaidi leo, yenye safu tatu, na chama cha wahandisi wa sinema na televisheni cha huko, SMPTE, kikaiweka katika mwongozo wake uitwao EG 1. Ya skrini pana, RP 219, ilitoka mwaka 2002. Ulaya nayo ilikuwa na pau zake, zile za EBU (umoja wa vituo vya utangazaji vya huko), ambazo hujaza skrini nzima kutoka juu hadi chini bila safu za chini.

Kwetu, Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilingoja hadi 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Zanzibar, Bara na Kenya zote zilitumia mfumo wa rangi wa analogi uitwao PAL, na jambo hilo litatuhusu kwenye swali la 9 na la 13.

3. Kwa nini rangi hupangwa vilevile kila mara?

Zimepangwa kwa mng'ao, kutoka ung'aao zaidi hadi wenye giza zaidi. Jicho la binadamu huona kijani kuwa angavu kuliko nyekundu, na nyekundu kuwa angavu kuliko bluu, hata nguvu zikiwa sawa. Televisheni ya zamani ilitumia hesabu hii: mng'ao ni 0.299 ya nyekundu, ongeza 0.587 ya kijani, ongeza 0.114 ya bluu. Njano ni nyekundu na kijani, kwa hiyo inapata 0.886. Sayani inapata 0.701, kijani 0.587, majenta 0.413, nyekundu 0.299, na bluu 0.114. Ukiondoa rangi kabisa unabaki na ngazi inayoshuka vizuri kuelekea kulia. Hata mwenye TV ya nyeusi na nyeupe aliweza kuitumia.

Kuna uzuri mwingine ndani yake. Tazama kila rangi ya msingi peke yake ukihesabu pau nane pamoja na nyeusi. Kijani kinawaka pau nne za kwanza, kisha kinazima nne. Nyekundu inawaka mbili, inazima mbili, inawaka mbili, inazima mbili. Bluu inawaka na kuzima kila upau. Hiyo ni namba ya biti tatu inayohesabu kutoka 7 kushuka hadi 0. Kwa sababu hiyo kifaa cha kutengeneza pau ni rahisi mno kukijenga, na maswali ya 7 na 10 yanategemea jambo hili moja.

4. Asilimia 75 ina maana gani? Kwa nini zisiwe 100?

Katika mfumo wa analogi, rangi husafirishwa kama wimbi lililopandishwa juu ya kiwango cha mng'ao. Upau wa njano wa asilimia 100 una mng'ao mkubwa na wimbi kubwa la rangi kwa pamoja, kwa hiyo kilele chake hufika karibu asilimia 133 ya nyeupe. Mtambo wa kurushia mawimbi ukilishwa hivyo unazidiwa. Ukishusha rangi hadi robo tatu, vilele vya njano na sayani vinagota palepale kwenye asilimia 100.

Siku hizi mawimbi ni ya dijitali na sababu hiyo imekwisha, lakini desturi imebaki. Cha muhimu ni kujua unatumia ipi. Picha ya asilimia 100 ikisomwa kana kwamba ni ya 75 itakufanya ushushe rangi za TV iliyo nzima.

## Kuzitengeneza

5. Si naweza kupakua picha tu?

Unaweza, lakini nakusihi usifanye hivyo. Picha nyingi za pau zilizo mtandaoni zilichorwa kwa ajili ya mapambo ya fulana na matangazo, na thamani zake si sahihi. Ikipitia WhatsApp inabanwa tena na kupunguzwa ukubwa. Niliwahi kupoteza siku nzima nikifungua TV ya mteja ambayo haikuwa na ubaya wowote, kwa sababu picha niliyotumiwa na rafiki ilikuwa na nyekundu iliyoongezwa. Tangu siku hiyo natengeneza zangu, na huchukua dakika moja.

6. Njia ya haraka kwa kompyuta ni ipi?

FFmpeg. Ni programu ya bure, na pau zimo ndani yake tayari. Amri hii inakupa video ya dakika moja ya pau za RP 219 pamoja na mlio:

```
ffmpeg -f lavfi -i smptehdbars=size=1920x1080:rate=25 \
 -f lavfi -i sine=frequency=1000:sample_rate=48000 \
 -t 60 -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p \
 -colorspace bt709 -color_primaries bt709 -color_trc bt709 \
 -color_range tv -c:a aac pau.mp4
```

Maneno yale ya bt709 si mapambo. Yanaiambia TV isome rangi kwa hesabu gani (swali la 17). Kwa pau za zamani andika `smptebars`, na kwa zile za Ulaya `pal75bars` au `pal100bars`.

Wenye GStreamer, programu nyingine ya video, wanaweza kuziona papo hapo bila kuhifadhi faili:

```
gst-launch-1.0 videotestsrc pattern=smpte75 ! videoconvert ! autovideosink
```

Ukiandika `smpte` peke yake utapata za asilimia 100.

7. Nataka kuelewa, si kunakili amri. Naandikaje mwenyewe?

Rudi kwenye ile hesabu ya biti tatu ya swali la 3. Python ya kawaida inatosha, bila maktaba yoyote:

```
upana, urefu, k = 1920, 1080, 191
rangi = []
for n in range(7, -1, -1):
    g = k if n & 4 else 0
    r = k if n & 2 else 0
    b = k if n & 1 else 0
    rangi.append(bytes((r, g, b)))
safu = b"".join(rangi[x * 8 // upana] for x in range(upana))
with open("pau.ppm", "wb") as f:
    f.write(b"P6\n%d %d\n255\n" % (upana, urefu))
    f.write(safu * urefu)
```

Hiyo 191 ni robo tatu ya 255. Igeuze faili iwe PNG kwa `ffmpeg -i pau.ppm pau.png`. Nimechagua pau nane kwa sababu 1920 ikigawanywa kwa 8 ni 240 kamili, na kila mpaka unaangukia kwenye pikseli nzima. Ukigawanya kwa 7 inabaki sehemu, na utalazimika kuamua mwenyewe upau upi uwe mwembamba zaidi.

8. Nazifikishaje kwenye TV?

Kwa flashi au kwa waya wa HDMI. Flashi ina faida moja: inaondoa kompyuta na mipangilio yake kwenye hesabu. Hasara yake ni kwamba unapima kicheza video cha ndani ya TV tu, na tundu la HDMI hujalipima. Kama lalamiko ni "king'amuzi kinaonyesha rangi mbaya", pitisha pau kwenye tundu lile lile la king'amuzi, kwa waya ule ule.

Kabla ya yote, toa TV kwenye hali ya picha kali zile za dukani. Katika hali hiyo TV hupandisha rangi kwa makusudi, na utapima hila zake badala ya kioo chake.

9. Nina TV ya chogo yenye matundu ya AV tu. Nifanyeje?

Kenya mngesema TV ya kisogo, dawa ni ileile. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inatoa mawimbi ya AV kupitia tundu lake la milimita 3.5 (Pi 5 haina tundu hilo). Kwenye mifumo yake ya zamani unaandika `sdtv_mode=2` ndani ya faili la config.txt ili upate PAL, na kwenye Pi 4 unaongeza `enable_tvout=1`. Kisha cheza video ya `pal75bars` ya ukubwa wa 720x576 na picha 25 kwa sekunde.

Angalia waya. Kwenye Pi, video iko kwenye pete ya ndani kabisa ya plagi, ile iliyo karibu na mpira, na ya pili yake ndiyo ardhi. Waya nyingi za kamera za zamani zimepangwa tofauti. Ukipata skrini nyeusi au picha inayotetemeka, jaribu kwanza waya mwingine kabla hujailaumu Pi.

Kama TV yako inapokea PAL peke yake nawe ukatuma NTSC, mfumo wa Marekani, utaona picha isiyo na rangi au inayobingirika. NTSC ina mistari 525 na wimbi la rangi la MHz 3.58, PAL ina mistari 625 na wimbi la MHz 4.43.

10. Naweza kujenga kifaa cha mkononi kwa IC?

Ndiyo, na fundi anayejifunza akikijenga atakuwa ameielewa televisheni. Mstari mmoja wa PAL una mikrosekunde 64, na sehemu inayoonekana ni 52. Gawanya kwa nane upate mikrosekunde 6.5 kwa kila upau. Kihesabu cha biti tatu kinachopigwa kila mikrosekunde 6.5, na kuanza upya kila mstari, kinakupa rangi zote tatu. Biti ya haraka ni bluu, ya kati nyekundu, ya polepole kijani. Geuza hali zake kinyume ili kianze na nyeupe.

Kila mguu wa rangi uushushe kwa vipingamizi hadi volti 0.525, yaani robo tatu ya 0.7, ukiwa umefungwa na mzigo wa ohmu 75. Kisha IC ya kugeuza RGB (nyekundu, kijani na bluu) kuwa PAL, kama AD724, inafanya sehemu ngumu. Mipigo ya kulandanisha ndiyo inayowashinda wengi. Mpigo wa mstari una mikrosekunde 4.7, na ukikosea picha inapinda juu. Wengi huiachia kazi hiyo mikrokontrola.

11. Mlio unaoambatana nazo ni wa nini?

Ni wimbi la hezi 1000 la kupimia kiwango cha sauti. Vituo vya Ulaya huliweka kwenye -18 dBFS (desibeli zinazohesabiwa kutoka kiwango cha juu kabisa cha dijitali), vya Marekani -20. Chanzo cha `sine` cha FFmpeg hutoa moja ya nane ya nguvu kamili, ambayo ni karibu -18. Kwa hiyo mlio wa amri ya swali la 6 uko tayari kwa desturi ya Ulaya.

## Kuzisoma

12. Narekebishaje mwangaza na kontrasti?

Anza na mwangaza. Chini ya upau mwekundu, kwenye pau za SMPTE, kuna vijiti vyembamba vyeusi vilivyosimama pamoja. Huitwa PLUGE, jina lililotoka BBC. Kimoja kimezidi weusi, kimoja ni mweusi wenyewe, kingine kimepanda kidogo. Zima taa au funga pazia, pandisha mwangaza hadi uvione vyote, kisha shusha taratibu. Simama pale kijiti cheusi zaidi kinapomezwa na weusi wa jirani yake, huku kile kilichopanda bado kinaonekana kwa mbali.

Kontrasti irekebishe kwa kipande cheupe cha safu ya chini. Ipandishe mpaka weupe uache kuongezeka au kingo zake zianze kuvimba, kisha rudi nyuma kidogo. Halafu rudia mwangaza, kwa kuwa viwili hivi husukumana.

13. Na ukolezo wa rangi? Nasikia watu huvaa plastiki ya bluu.

Wazo ni kutazama bluu pekee. Bluu imo kwenye pau ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, na kwa nguvu iliyo sawa. Ukizima nyekundu na kijani unapaswa kuona pau nne zenye mwanga mmoja na tatu nyeusi kati yake. Nyeupe na bluu, zile za pembeni, zisipolingana, rekebisha ukolezo wa rangi. Sayani na majenta zisipolingana, rekebisha tinti, yaani mpangilio wa kugeuza rangi kuelekea rangi jirani. Safu nyembamba ya katikati imewekwa kinyume ya safu ya juu kwa makusudi, ili pau mbili za kulinganisha zigusane na jicho lisikosee.

Skrini za kitaalamu na baadhi ya TV zina kitufe cha bluu pekee. Kitumie kama kipo. Kichujio cha kitaalamu ni Wratten 47B cha Kodak. Plastiki ya bluu ya dukani hupitisha kijani, na ukiifuata utaharibu TV iliyo sawa.

TV nyingi za PAL hazina tinti ukipitia AV, na hilo si kasoro. Walter Bruch wa Telefunken, Ujerumani, aliubuni mfumo huo mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili kosa la wimbi la rangi ligeuzwe kila baada ya mstari na kujifuta lenyewe. Kosa huonekana kama rangi kufifia, na haigeuki kuwa rangi nyingine.

14. Pau zinaonekana kwa rangi ngeni. Kipi kimekufa?

Hapa ndipo pau hulipa. Rangi moja ya msingi ikikosekana:

- Nyekundu imekosekana: nyeupe inakuwa sayani, njano inakuwa kijani, majenta inakuwa bluu, na upau mwekundu unakuwa mweusi.
- Kijani kimekosekana: nyeupe inakuwa majenta, njano inakuwa nyekundu, sayani inakuwa bluu, na upau wa kijani unakuwa mweusi.
- Bluu imekosekana: nyeupe inakuwa njano, sayani inakuwa kijani, majenta inakuwa nyekundu, na upau wa bluu unakuwa mweusi.

Kwenye TV ya chogo anza na kadi iliyo shingoni mwa kioo. Risasi iliyopasuka kwenye mguu wa transista ni ugonjwa wa kawaida, na ukiigonga taratibu kwa kijiti cha mbao rangi hurudi na kuondoka. Angalizo: shingoni na kwenye waya wa ubavuni mwa kioo kuna volti za kuua, hata baada ya kuchomoa umeme. Kama hujafundishwa kuzimwaga, usifungue.

Kwenye TV bapa tazama kwanza waya wa LVDS, ule unaopeleka picha kwenye kadi ya T-con inayoendesha kioo. Uchomoe, usafishe, uurudishe.

Kuna kisa kinachofanana na hiki lakini si hiki. Kama umetumia waya tatu za komponenti (kijani, bluu, nyekundu) na waya mwekundu haujashika, upau mwekundu hauwi mweusi. Unakuwa kijani cha mzeituni chenye giza, kwa sababu waya ule haubebi nyekundu, unabeba tofauti kati ya nyekundu na mng'ao. Na ukichomeka waya wa kijani pekee utapata picha safi ya nyeusi na nyeupe. Mzeituni, basi, angalia waya. Nyeusi, angalia kadi.

15. Vipande vya bluu iliyoiva na zambarau pale chini kushoto vinafanya nini?

Huitwa -I na +Q, na vilikuwa vya kupimia mawimbi ya NTSC. Kwenye PAL na HDMI havina kazi.

## Visa vya pembeni

16. Sioni vijiti vya PLUGE hata nikipandisha mwangaza wote.

Kompyuta huhesabu weusi kuwa 0 na weupe 255. Video huhesabu weusi 16 na weupe 235, ikiacha nafasi chini na juu. Katika RP 219 kijiti kilichozidi weusi kiko asilimia 2 chini, karibu namba 12. Picha ikigeuzwa kuwa ya kompyuta, 12 na 16 zote zinakuwa 0 na kijiti kinapotea kabisa. Ndiyo maana PNG ya swali la 7 haiwezi kubeba PLUGE kamili. Tumia video ya swali la 6.

Kama video nayo haionyeshi, kompyuta na TV hazijakubaliana. Tafuta kwenye menyu ya TV mpangilio wa weusi wa HDMI, na kwenye kompyuta mpangilio wa upana wa RGB, uvilinganishe. Vikipishana upande mmoja, weusi wote unazama. Upande wa pili, picha nzima inakuwa kama ina ukungu.

17. Kijani changu kiko tofauti kidogo, lakini nyeupe ni sawa. Mbona?

Karibu kila mara ni hesabu mbili za rangi kuchanganywa. Zile namba za swali la 3 ni za Rec. 601, ya televisheni ya kawaida. Ya HD, Rec. 709, hutumia 0.2126, 0.7152 na 0.0722. Mng'ao wa upau wa kijani wa asilimia 75 ni 112 katika 601 na 133 katika 709. Nyeupe haibadiliki, kwa hiyo kosa hujificha. `smptebars` ya FFmpeg iko katika 601, na ukiitengeneza kwa 1920x1080 TV nyingi zitaisoma kama 709. Kwa HD tumia `smptehdbars`.

18. Mipaka ya pau ina ukungu, au za pembeni zimekatwa.

Ukungu mwembamba wa pikseli moja au mbili ni wa kawaida, kwa kuwa video ya yuv420p huhifadhi rangi kwa nusu ya pikseli kila upande. Kukatwa kwa pembeni ni TV kuvuta picha. Kwenye LG tafuta Just Scan, na kwenye nyingine tafuta ukubwa wa picha usiokuzwa.

19. Pau hizi zinafaa kwa HDR?

Hapana. HDR, yaani picha yenye upana mkubwa zaidi wa mwanga, ina pau zake katika pendekezo la ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), BT.2111 la mwaka 2017. Kwa aina ya HDR iitwayo HLG rangi zake ziko asilimia 75, kwa ile iitwayo PQ asilimia 58, ambayo ni mwanga wa kandela 203 kwa mita ya mraba. Ukionyesha pau za kawaida huku TV ikiwa katika hali ya HDR, utasoma jinsi TV inavyobahatisha.

20. Nikiziacha usiku kucha zitaharibu kioo?

LCD ya kawaida haitaumia. OLED na plazma zinaweza kubaki na alama, hasa ukiwa umepandisha mwanga, kwa sababu picha haisogei hata kidogo. Pima kwa dakika chache, zima, andika namba ulizozipata, kisha endelea. Kama unataka kuiacha TV ikiwaka kwa muda mrefu ili kuona kama inajizima, weka video ya kawaida inayosogea.